Tazameni Chini ya Waya

Mhadhara kwa wakazi wapenda bustani, Dar es Salaam, wiki chache kabla ya vuli

Wazee wangu, shikamooni. Wenzangu wengine, habari za asubuhi.

Nimepewa saa moja, na najua nusu yenu mmekuja na swali moja tu, maana ndilo ninaloulizwa kila ninaposimama mbele ya watu: "Nipande mti gani ndege waje?" Mnataka jina. Mnataka niseme neno moja, mlishike, mwende nalo kwa wauza miche wa barabarani, mlipe, mpande, mkae barazani kungoja ndege. Nimelijibu swali hilo miaka mingi, na nimeona kwamba nikianza na jina, watu wanafunga daftari papo hapo. Leo jina litasubiri.

Nataka kwanza ufanye hivi. Kesho asubuhi, kabla jua halijawa kali, toka nje ya geti lako. Fuata waya wa umeme, au fensi ya seng'enge, au ukuta wa kiwanja kilichoachwa. Usitazame juu. Tazama chini. Utaona mstari wa vichaka ambavyo hakuna mtu aliyevipanda. Umewahi kujiuliza kwa nini pori linaota kwa kufuata mstari wa fensi, kana kwamba kuna aliyepima kwa kamba? Ni kwa sababu ndege akishakula anatafuta pa kutua, na akitua anaacha kinyesi, na ndani ya kinyesi kuna mbegu iliyokwisha kumenywa, tayari kuota. Waya ule ni kitalu. Kila mche ulio chini yake uliwahi kuwa tunda ambalo ndege alilichagua mwenyewe, akalimeza, akaruka nalo.

Sasa mtu anakuja kwangu ananiuliza ndege wanapenda nini, na wenyewe wamekwisha kumwandikia jibu nje ya geti lake. Na kila Jumamosi analipa kijana alifyeke!

Nitawasimulia la kwangu, na wale mliokwisha kulisikia mnivumilie, kwa sababu sina mfano bora kuliko huu. Nilipopata kiwanja changu, huku njia ya Kibaha, kilikuwa mita 20 kwa 20, kama viwanja vyenu vingi. Kilikuwa na kichaka. Kila mvua ilipokaribia, dudumizi alilia ndani ya kichaka kile tangu alfajiri, ile sauti yake inayoshuka kama maji yanamiminwa kutoka kwenye chupa. Niliisikia, nikaipenda, kisha nikaleta greda. Greda lilimaliza kazi kabla ya chai ya saa nne. Nilisimama pale nikiona kiwanja cheupe, safi, na nikafurahi. Nilikuwa nimefanya kazi ya misitu maisha yangu yote, na nilifurahi.

Nikajenga. Nikapanda ukoka. Ukutani nikapanda miashoki 12, ile iliyonyooka kama walinzi, kwa sababu kila nyumba ya mtaa ilikuwa nayo. Miaka minne nilikaa barazani asubuhi na kitu pekee nilichokisikia ni kunguru juu ya mabati. Dudumizi hakurudi. Nilidhani ndege wamehama kwa sababu ya makelele ya mji, na nilikuwa nalalamika kwa wenzangu kwamba mji umefukuza ndege.

Mwaka wa nne, nyuma ya nyumba, pembeni ya karo, kwenye mstari ule ambapo waya wa kuanikia nguo ulipita, ukaota mche. Kijana aliyekuwa akinisaidia bustani akaja na panga mkononi, akaniuliza, "Mzee, hili pori nilitoe?" Nikaenda kutazama. Jani lenye msasa kidogo, mishipa mitatu inayoanzia chini ya jani. Nikalijua. Ulikuwa mkole. Nikamwambia auache, na sikumwambia kwa sababu ya busara yoyote. Niliona tu aibu kuuua mti ambao nimewahi kula matunda yake njiani kwenda shule.

Wale wa Pwani na Morogoro mnaujua mkole. Wazaramo mnaujua pia kwa mambo ya mwali, na huko sitaingia, kuna wenyewe. Kwa kitaalamu jamaa hii inaitwa Grewia, na jina la mkole linabeba aina kadhaa zinazofanana: ua la njano, dogo, na tunda lenye vifundo viwili mpaka vinne vilivyoshikana, likiiva linageuka rangi ya chungwa na kuelekea wekundu. Nyama ni kidogo, kokwa ni kubwa, utamu ni wa kulamba. Gome lake linatoa kamba. Hauwi mkubwa. Mwingine unabaki kichaka cha mita tatu, mwingine unafika tano, na unakubali kupogolewa bila kununa.

Ule wangu ulichukua miaka miwili kutoa maua. Maua yalipokuja walikuja nyuki, na nyigu wadogo, na nzi wa kila rangi. Nikaona wadudu, lakini sikujali, nilikuwa nangoja matunda. Matunda yalipoiva nilichukua kiti na daftari, nikakaa dirishani kuanzia saa kumi na mbili na nusu asubuhi mpaka saa mbili, wiki nzima. Wa kwanza walikuwa kuzumburu, wale wa kijivu wenye mikia mirefu, wanaotambaa kwenye tawi kama panya na kuning'inia kwa miguu. Walikuja kikundi, wakala kama wamefunga siku tatu. Halafu shore, wawili, wakizungumza muda wote kama desturi yao. Halafu kwezi weusi. Siku ya nne akaja zuwakulu, ambaye tangu nihamie pale sikuwahi kumwona hata akipita. Na mwishoni mwa wiki, ndani ya majani, kimya kabisa, ninga, njiwa wa kijani. Nilikuwa nimemtazama dakika nzima kabla sijajua kwamba ninamtazama ndege.

Miashoki yangu 12 ilikuwa mita nane kutoka pale. Wiki nzima sikuandika jina la ndege hata mmoja aliyekula kitu juu yake. Walitua, ndiyo. Walitua, wakachungulia, wakaenda kwenye mkole.

Lakini hilo silo ninalotaka mlibebe. Ninalotaka mlibebe lilitokea mwaka uliofuata, chini ya mkole. Niliinama kuokota majani nikakuta miche. Mpesi mmoja. Mkwamba, mingi. Mdaa mmoja, ambao niliutambua baadaye sana. Hakuna hata mmoja uliotoka kwenye mkole, ililetwa. Shore alikula mkwamba mahali pengine, pengine kwenye mabaki ya pori ya Pande, pengine kwenye kiwanja cha jirani yangu ambaye hajajenga, akaja kula kole kwangu, akalipa alipokaa. Mti mmoja ukageuka kuwa kituo cha basi. Abiria wakashuka na mizigo yao. Tangu siku hiyo sijanunua mche wowote. Kazi yangu ni kuamua upi ubaki na upi uhamishwe. Na mwaka wa tatu baada ya mkole kuanza kuzaa, dudumizi alirudi, kwenye mkwamba, nyuma ya karo.

Kwa hiyo mtu akiniuliza achague mti gani mdogo wa ndege, namwambia achague mti utakaomchagulia mingine.

Naona dada pale nyuma amenyanyua mkono, na najua anataka kusema nini, kwa sababu husemwa kila mara: chini ya waya panaota hata mwarobaini, panaota hata lantana, ile yenye maua ya rangi mbili na majani yanayonuka. Kweli kabisa. Mwarobaini umetoka upande wa India, shore anakula tunda lake, popo analipenda, na wote wanausambaza; leo unauona umeingia ndani ya vichaka vya pwani ambako hakuna aliyeupanda. Lantana imetoka Amerika ya kitropiki na ndege wanaitawanya kuliko mkulima yeyote. Ndiyo maana nasema waya unakupa orodha, na kuchuja ni kazi yako. Chujio ni neno moja: asili.

Na hapa lazima nisimame, kwa sababu neno hili linatumiwa vibaya na watu wenye nia njema. Asili ya wapi? Mtu ananiambia, "Mti huu ni wa asili, upo Tanzania." Tanzania ni kubwa, ndugu zangu. Mliowahi kupita Muheza mkapanda mpaka Amani, Usambara Mashariki, mnajua baridi la kule na ukungu wake. Wajerumani walifungua kituo cha utafiti wa kilimo na mimea pale mwaka 1902, na bustani yake ikajazwa miti kutoka pande zote za dunia. Uliofika kule na kuleta taabu kubwa haukutoka Brazil wala Australia. Ulikuwa musizi, Maesopsis eminii, mti wa Kiafrika, ambao kwao ni Uganda na huku kwetu Bukoba, na unakwenda mpaka Afrika Magharibi. Ulipandwa Usambara Mashariki. Ukazaa. Na kule kuna hondohondo.

Hondohondo wakaupenda. Anameza tunda, anaruka bonde zima, anadondosha kokwa katikati ya msitu. Msitu wenyewe ulikuwa umekatwa magogo, paa limetoboka, mwanga unaingia, na musizi ni mti unaongoja mwanga tu. Ukaota kila palipo na tundu, ukakua haraka kuliko miti ya kule ambayo haipatikani mahali pengine popote duniani. Watafiti wameshughulika na jambo hilo kwa miongo, na musizi bado upo. Hondohondo hakukosa. Alikuta chakula akala. Sisi ndio tuliokiweka pale. Mti ulio wa asili Bukoba ni mgeni Amani, kama mimi ninavyokuwa mgeni nikifika Bukoba, ila mimi siku ya tatu naondoka.

Kwa hiyo kwa mtu wa Dar es Salaam, asili maana yake ni ule mti ambao ungeukuta Pugu, Kazimzumbwi, Pande, au kwenye vipande vya pori vilivyobaki Mlimani karibu na Chuo Kikuu, au kwa bibi yako Kisarawe. Huhitaji kitabu. Nenda Pugu Jumapili moja, chukua mzee wa kijiji anayejua miti, mlipe kwa siku yake, tembea naye. Atakutajia miti 30 kabla hamjafika bwawani, pamoja na dawa ya kila mmoja.

Halafu kuna mjuaji, na katika kila mkutano yupo mmoja, atasema: "Kwani ndege anaangalia pasipoti ya mti? Tunda ni tunda." Ndege haangalii pasipoti. Kiwavi anaangalia. Na hili ndilo nililolipuuza mimi pale nilipokuwa nangoja matunda na kuona wadudu kama vurugu tu.

Sikilizeni vizuri. Chozi mnamjua, yule mdogo anayeng'aa, mwenye mdomo uliopinda, anayeishi kwa kufyonza asali ya maua. Watu wanampandia maua, wanasema nimemlisha. Lakini chozi halei makinda kwa asali ya maua peke yake. Kinda linataka nyama ili liote manyoya, na chozi anamletea buibui na wadudu laini. Hata kiota chake ameshona kwa utando wa buibui. Mnana naye, mla mbegu, makinda yake anayaletea wadudu. Karibu kila ndege mdogo unayemwona bustanini alilelewa kwa wadudu, hata kama ukubwani anakula ulezi wako. Ukiwa na maua bila wadudu una hoteli bila nyumba. Watakuja kula, hawatakuja kuzaa.

Na wadudu hawali kila jani. Kiwavi wa kipepeo wa hapa amezoea jani la hapa, tangu zama ambazo hata njia ya kwenda Bagamoyo haikuwapo. Amejifunza sumu yake, amejua kuivuka. Jani la mgeni halijui, halili. Ndiyo maana mnasifu mti fulani wa duka kwamba "hauliwi na wadudu", na mnausifu mbele yangu! Mwarobaini tunasaga majani na kokwa zake, tunaloweka, tunanyunyizia mboga ili wadudu wafe au wakimbie. Ni dawa nzuri, nimeitumia. Sasa mti ambao ndio dawa ya kufukuza wadudu, wewe unataka uwe jiko la makinda?

Mtu akija kwangu analalamika kwamba mkole wake au mpesi wake una majani yenye matundu, nampongeza. Asipulize chochote. Matundu yale ni makinda yaliyokula. Jani lisilo na tundu halijamlisha mtu.

Sisemi ukate mwarobaini wako kesho. Kama upo na unakupa kivuli, kaa chini yake. Hata mkrismasi, ule mwekundu wa mwezi wa 12, umetoka Bukini na tumeuzoea kama ndugu. Nasema usiongeze. Nafasi iliyobaki, na katika kiwanja cha 20 kwa 20 mkishajenga nyumba, karo, maegesho na pavingi imebaki ndogo mno, hiyo nafasi ipe mti wa hapa.

Nyoka. Najua, mama, nimekuona tangu nilipotaja kichaka. Nimejibu la nyoka mara nyingi kuliko swali lolote, na nitalijibu tena kwa heshima, kwa sababu mtu anayeogopa nyoka kwa ajili ya wajukuu haogopi ujinga. Nyoka wengi wanaoingia majumbani wanafuata panya. Panya anafuata mabaki ya chakula, na analala kwenye rundo la matofali na mbao za ujenzi ulizoacha nyuma ya nyumba tangu upaue. Ondoa rundo lile kwanza. Wapo nyoka wa mitini wanaofuata mayai ya ndege, siwezi kukuficha hilo. Wapo, na wanamkimbia mtu. Kwa hiyo tawi lisiguse paa wala dirisha, acha mita mbili, na upande unaotazama nyumba pogolea matawi ya chini ili uone ardhi. Upande wa ukuta acha yajifunge. Ndege wanahitaji mahali penye giza pa kujificha, na wewe unahitaji kuona unapokanyaga, na vyote viwili vinapatikana kwenye mti mmoja ukitumia makasi vizuri.

Kunguru, haraka. Wale wenye shingo ya kijivu ni wa India, waliletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19, leo wameenea pwani nzima, na wanakula mayai na makinda ya ndege wengine mbele ya macho yako. Kuna watu wameacha kupanda kwa sababu hiyo: "Nipande mti, kunguru ale makinda?" Fikiria kunguru anavyoingia. Ni mkubwa, anataka tawi wazi la kusimama. Mti mrefu wenye matawi machache ni ngazi yake. Kichaka chenye vijiti vingi vilivyosongamana kinamkwaza mabawa. Hapo ndipo mkwamba unapoushinda mti wowote mrefu mtakaonitajia. Na funika jalala. Kinachomleta kunguru kwako ni wali uliomwaga, mti hauna kosa.

Mizizi na msingi wa nyumba: hii miti midogo ninayoitaja siyo mikuyu. Mita tatu kutoka ukutani inatosha kwa mkole na mkwamba. Karo liache mita kadhaa, wangu ulijiotea wenyewe pale na nimeuhofia kila mwaka. Kinyesi cha ndege juu ya gari: usiegeshe chini yake.

Naona nimebakiza dakika kumi na tano na sijafika kwenye majina. Basi.

Mkole nimeshausema. Ukiwa na nafasi ya mti mmoja, uwe huo. Taabu yake ni kuota: kokwa ina gamba gumu, inaweza kukaa ardhini mpaka ukate tamaa. Okota matunda yaliyoiva, yasugue ndani ya maji mpaka nyama itoke, panda nyingi kuliko unazohitaji. Au, kwa mara ya mwisho nasema, hamisha mche kutoka chini ya waya, mdogo, urefu wa kiganja, siku ya mawingu, na udongo wake wote.

Mkwamba. Flueggea virosa. Kichaka cha mita mbili tatu, matunda meupe madogo kama shanga, mengi mno, mvua zikishakolea. Watoto wanayala, ndege wanayamaliza. Sasa hapa ndipo watu wanapolia. Mkwamba una dume na jike, miti mbalimbali. Mtu anapanda mmoja, anauhudumia miaka mitatu, hauzai, ananipigia simu kwamba nimemdanganya. Ulipanda dume, bwana! Au ulipanda jike lisilo na dume jirani. Mche mdogo hauoneshi. Mpaka utoe maua. Kwa hiyo panda mitatu au minne kwa mstari, iwe uzio badala ya kuupaka ukuta rangi kila mwaka. Ukishajua jike ni upi, ongeza jike.

Mpesi, Trema orientalis. Ndiyo wenye haraka kuliko yote. Kama kiwanja ni kitupu kabisa na unataka kitu mwaka huu, huu ndio. Tunda lake ni dogo kama kichwa cha pini, jeusi likiiva, na linazaa muda mrefu wa mwaka. Na viwavi wanaula mpaka unayahurumia majani. Ubaya wake: mbao laini, tawi linakatika na upepo, na hauishi miaka mingi. Si mdogo sana pia, usipoupogolea utapita paa. Uweke mbali na nyumba, uchukulie kama kibarua aliyekuja kufungua kazi, mkole ukikomaa unaweza kuuondoa.

Mnaokaa Kigamboni karibu na bahari, au popote maji ya kisima yana chumvi: mswaki. Huo huo wa kupigia meno. Unavumilia chumvi, unavumilia kiangazi, vitunda vyake ndege wanavigombania. Sijui kwa nini hakuna anayeupanda.

Mbaraka una maua ya njano wakati ambapo vingine vimekauka, wadudu wanaujaa. Mdaa ni wa polepole, kwa wenye subira. Nao pia una dume na jike. Mchongoma una miiba, mzuri kwa kiota, mbaya kwa watoto. Mliotoka juu, Arusha, Mbeya, Iringa, mkitaka kupanda kwa wazazi kule, mwamba-ngoma: unaangusha majani, unabaki maua mekundu matupu, na chozi hawatoki pale. Gogo tu ukilichomeka ardhini linashika. Mbegu zake nyekundu ni sumu, waambieni watoto wasitafune. Nilikuwa na picha zake, zitabaki.

Kupanda kwenyewe mnajua. Shimo futi mbili kwa futi mbili, udongo wa juu rudisha kwanza, samadi iliyooza, matandazo yasiguse shina. Vuli ikianza kweli, si siku ya mvua ya kwanza ya kubahatisha. Kiangazi cha Januari na Februari ndicho kinachoua miche ya Dar es Salaam. Mwaka wa kwanza mwagilia miezi hiyo miwili, ndoo moja kila baada ya siku tatu, jioni. Mwaka wa pili uache ujitafutie.

Maji ya kunywa ya ndege, paka, taa za usiku: nilitaka kuyasema, siwezi. Dawa ya kuua mbu mnayopuliza kwenye majani kila jioni, hiyo nayo, acheni. Inaua buibui wa chozi.

Mwenyekiti ananionesha saa. Jambo la mwisho ni la nje. Chini ya mwembe nimeleta viriba vya miche, vyote vimetoka kwangu, hakuna kulipa. Mikole iko 22, mmoja mmoja tafadhali, na kwanza wachukue wale ambao hawana mti wowote nyumbani. Mikwamba ni mingi, chukueni mitatu mitatu, atakayechukua mmoja nitamrudisha. Miswaki sita ni ya Kigamboni tu. Mama wa nyoka, wewe nisubiri pale pale kwenye mwembe, nina makasi kwenye gari, nitakuonesha tawi la kukata. Mpesi sikuleta hata mmoja. Nimepita asubuhi hii kwenye fensi ya jengo hili nikihesabu. Iko saba, upande wa barabara, na mfyekaji nimeambiwa anakuja saa nane.